Kengele Iliyomfungia Ekitela Njia ya Mto

Jua halijachomoza vizuri mtaani Bulla Pesa, Isiolo, na Ekitela Lokwang ameshapiga magoti kwenye vumbi la ua wake, bisibisi mkononi, akifungua kengele za baiskeli za watu. Anang'oa moja, anaitia ndani ya soksi kuukuu, kisha anahamia baiskeli inayofuata.

Baiskeli ni sita, zimeegemezwa ukutani, zote za bei ya kutisha. Wenyewe wamesimama kando wakinywa chai ya maziwa, wakimtazama kwa wasiwasi wa mtu anayeona gari lake likifunguliwa na fundi wa kuonyeshwa na jirani.

"Sasa nikikuta mtu kwa njia nitafanyaje?" anauliza mmoja wao.

"Utasema habari," Ekitela anajibu bila kuinua kichwa. "Mdomo uko nayo, ama?"

Wageni wanacheka. Mkewe, Nakuam, aliyeshika birika, hacheki. Anajua kilichomo ndani ya siku ya leo.

Leo ni siku ya majaribio. Ekitela, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, ni kiongozi wa waendesha baiskeli wanaokuja Isiolo kupita vijia vya bonde la mto Ewaso Nyiro. Amepewa ruhusa kuwapeleka wageni hadi Malka Dima, mahali ambapo wafugaji hunywesha mifugo, kwa mara ya kwanza tangu afungiwe njia hiyo mwaka jana. Masharti ni mepesi kuyasema. Ngamia mmoja tu akikurupuka, au akiifuata baiskeli, njia ya mto itafungwa kabisa, na kazi ya Ekitela itafungwa nayo.

Ndiyo, msomaji, umesoma sawa. Akiifuata baiskeli. Tutafika huko.

"Mwombe Mungu," Nakuam anamwambia, akimpa chupa ya maji.

"Nimeomba."

"Omba tena."

Msafara unatoka Bulla Pesa wakati wauza mandazi wanatandika meza. Ekitela yuko mbele juu ya blakimamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma ambayo kila Mkenya wa makamo amewahi kubebwa nayo. Keria yake ni pana kama kitanda cha mtoto. Nyuma yake wanakuja wageni kwenye baiskeli zao za murram, zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, na tairi nene kiasi za kuhimili changarawe na vijia vya ng'ombe.

Anayewaongoza wageni ni Mwalimu Kaburu, mwalimu wa Jiografia kutoka Meru, mtu mrefu mwenye maneno mengi. Yeye na Ekitela ni marafiki wa miaka minne sasa, na urafiki wao ulianza kwa miiba.

Wakati huo Ekitela alikuwa mbeba maziwa. Kila asubuhi aliendesha baiskeli hadi kwenye maboma ya ngamia, akajaza mitungi ya maziwa, akaileta mjini kwa Fahmo, mfanyabiashara wa maziwa anayejulikana na kila mtu sokoni. Malipo yalikuwa shilingi mia tatu kwa siku, na siku maziwa yakiganda njiani, malipo yaliganda pia.

Siku moja karibu na Gotu akawakuta watu watatu wamekaa chini ya kivuli kidogo cha mgunga, tairi zao zimechomwa na mathenge, ule mti wa miiba ambao umejaa kila mahali na haujawahi kuombwa na mtu. Walikuwa wamemaliza viraka, wamemaliza maji, na mmoja wao, Kaburu, alikuwa amemaliza hata maneno.

"Niliziba tyubu zao, nikawapeleka mpaka kwa barabara," Ekitela anakumbuka. "Mwalimu akaniuliza, wewe umejuaje hii njia? Nikamwambia, hii si njia, hapa ndio napita na maziwa. Akacheka sana. Akasema kuna watu watalipa kupita mahali unapita na maziwa. Mimi nikafikiria hiyo jua imemgonga kichwa."

Jua halikuwa limemgonga. Mwezi uliofuata Kaburu alirudi na wenzake wanane. Kufikia mwaka wa pili, karibu kila Jumamosi kulikuwa na wageni, na Ekitela akawa analipwa shilingi elfu mbili kwa siku ya kuongoza. Nakuam akaacha kuuza makaa, akafungua kibanda cha chai ambacho leo ndicho kituo cha kuanzia safari.

Njia zenyewe ni tatu. Ile fupi inazunguka pembeni mwa mji na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Ile ndefu inakwenda hadi Merti kwa siku mbili, na watu wanaoimaliza huwa hawaongei sana siku inayofuata. Lakini ile ya katikati, inayofuata mto hadi Malka Dima, ndiyo iliyompa Ekitela jina.

Ukiiona utaelewa. Kwa saa nzima unapanda na kushuka kwenye udongo mwekundu, Mlima Kenya ukiwa nyuma yako na theluji yake kiduchu. Halafu ardhi inainama, bonde linafunguka, na huko chini unaona mstari mrefu wa mikoma ukipinda kuelekea kaskazini. Swala twiga wanasimama kwa miguu ya nyuma wakila majani ya juu kama watu wanaotafuta kitu kabatini. Hata wale wageni waliokuwa wakilalamika magoti wananyamaza hapo.

"Mgeni anatoka Nairobi kuona mto," Ekitela anasema. "Ukimnyima mto, umebaki kumwonyesha nguzo ya stima."

Na kwa mwaka mzima karibu, hicho ndicho alichobaki kuwaonyesha.

Kisa kilianza kwa nia njema kabisa. Wachungaji walikuwa wakimlalamikia kwamba baiskeli za wageni wake zinakuja kimyakimya kama chui. Mbuzi anashtuka, mtoto anaruka, mzee anatukana. Vile vikengele vidogo vya usukani, vya kulia kring kring, vilizidisha ubaya, kwa sababu sauti hiyo mifugo haikuijua. Ekitela akawaza: kwa nini nisiwe na sauti ambayo kila mnyama wa Isiolo anaijua?

Akaenda soko la mifugo, akanunua kengele ya ngamia. Ni kengele ya mti iliyochongwa kwa mkono, yenye vipigo viwili vya mti ndani, ambayo huvishwa ngamia jike anayetangulia kundi. Akaifunga chini ya usukani wa blakimamba. Ikalia kok-kok, kok-kok, sauti nene ya kutuliza. Alijiona amevumbua.

Kuna jambo moja hakulijua. Kila kengele ya namna hiyo ina sauti yake, na kundi la ngamia huijua sauti ya kengele yao jinsi mtoto anavyoijua sauti ya mama yake. Kengele aliyoinunua ilikuwa imevaliwa miaka mingi na ngamia aliyeitwa Adi, kiongozi wa kundi la Mama Abiba, mjane Mborana anayefuga upande huo wa mto. Adi alikufa kwenye kiangazi kikali. Mwana wa ndugu yake Mama Abiba akaiokota ile kengele na kuiuza sokoni bila kumwuliza mtu.

Jumamosi iliyofuata, kundi la Mama Abiba lilikuwa limepumzika karibu na mto likingoja zamu ya kunywa, baada ya siku nyingi za kiu. Mama mwenyewe alikuwa ameketi akisuka kamba.

"Nikasikia Adi inakuja," anasimulia. "Wallahi, mwili yangu yote ilisimama. Adi imekufa, mimi mwenyewe nimeona mifupa yake. Halafu nasikia anakuja kwa njia, kok-kok, kok-kok, kama siku zote. Nikainuka. Nikaangalia. Naona Mturkana juu ya baiskeli!"

Ngamia wake hawakungoja kuangalia. Waliinuka wote kwa pamoja, wakamfuata.

Ekitela anasema aligeuka nyuma akaona shingo. Shingo tu, nyingi, zikija. "Nikafikiria wananifukuza, nikakanyaga pedali. Kumbe nikikimbia ndio kengele inapiga zaidi, na ikipiga zaidi ndio wao wanakuja zaidi. Wageni nimeacha huko, wanapiga kelele, wengine wanapiga picha. Mimi nakimbia tu, naita Yesu."

Alikwenda hivyo mpaka ndani ya kichaka cha mathenge, tairi zote mbili zikapasuka, akaanguka. Ngamia wakafika, wakamzunguka, wakasimama kwa utulivu mkubwa wakingoja awaambie pa kwenda.

Simulizi hii ikipigwa mjini watu hucheka mpaka machozi, na Ekitela mwenyewe anaisimulia vizuri. Lakini hafiki mwisho wake bila uso kubadilika. Wakati wachungaji wanakusanya kundi, zamu ya Mama Abiba ilipita. Ilibidi ngamia wake wangoje hadi makundi yote mengine yaliyofika siku hiyo yanywe, na katika vurugu ile ndama mmoja alipotea kichakani. Walimtafuta mpaka wakachoka. Hakuonekana tena.

Anayepanga zamu pale Malka Dima ni Ganya, mtu wa makamo, mkavu wa maneno, aliyechaguliwa na wazee kuamua mifugo ya nani inywe lini. Waborana humwita aba herega. Akitaja, imetajwa. Ganya alitangaza kwamba baiskeli zisionekane tena mtoni mpaka mwenye ngamia mwenyewe aseme vingine.

Ekitela aliifungua ile kengele siku iliyofuata, akaipeleka kwa Mama Abiba kwa miguu. Baiskeli aliiacha nyumbani kwa sababu aliona aibu kufika nayo mbele ya mama huyo. Alimwomba radhi. Mama Abiba aliipokea kengele kwa mikono miwili, akaifuta vumbi kwa pindo la shuka lake, akaingia ndani.

"Hakunipa chai," Ekitela anasema. "Kwa boma ya Waborana, mtu akose kukupa chai! Nikajua hapa nimeharibu kabisa."

Miezi iliyofuata ilikuwa mizito. Wageni walipungua, kisha wakakoma. Kibanda cha Nakuam kikabaki na wateja wa mtaani wanaokunywa kwa mkopo. Ekitela akarudi kwa Fahmo kubeba maziwa, mkia ukiwa katikati ya miguu.

Fahmo hakumcheka. Alimpa mitungi na akamtajia maboma ya kupitia, na la mwisho lilikuwa la Mama Abiba, ambaye maziwa yake yalikuwa yakiharibika kwa kukosa mtu wa kuyafikisha barabarani.

"Nilimwambia Fahmo, huyo mama ataniwekea sumu," Ekitela anasema. "Akaniambia, sumu ni ghali, yeye hana pesa ya kupoteza kwako."

Akaenda. Kila asubuhi alisimamisha baiskeli mbali, kwenye ua wa miiba, akatembea hadi langoni, akasema salaam aleikum. Mama Abiba aliitikia salamu, akampa mtungi, akageuka. Hivyo tu, tangu majani yakiwa mabichi mpaka yakakauka. Hakuna siku Ekitela alichelewa, na hakuna siku mtungi ulimwagika. Anakiri kwamba alikuwa akiufunga kwa kamba nyingi kuliko anavyomfunga mwanawe kwenye keria.

Halafu asubuhi moja mama akatoka na mtungi mkono mmoja, kikombe mkono mwingine.

"Siku hiyo nilikunywa vikombe tatu," anasema, na hapo sauti yake inalegea. "Kiu sikuwa nayo hata kidogo."

Ni Mama Abiba aliyekwenda kwa Ganya kusema Ekitela apewe siku moja ya kujaribiwa. Alipoulizwa na mwandishi wetu kwa nini, alijibu kama mtu anayeulizwa kwa nini anapika. "Huyu amekuja kwa boma yangu asubuhi zote, na mimi nilikuwa mbaya kwake. Mtu mkaidi namna hiyo, heri awe upande yako."

Saa nne kasoro, msafara wa leo unafika ukingoni mwa Malka Dima. Mto umejificha. Katika kiangazi hiki Ewaso Nyiro, kwa upande huu, ni mchanga mweupe mpana, na maji yako chini yake. Wafugaji wamechimba visima ndani ya mchanga, na juu ya kila kisima wamejenga hori refu la udongo. Ngamia wa Mama Abiba wamekaa kwenye kivuli cha mikoma wakingoja kuitwa.

Ekitela anainua mkono, wageni wanashuka. Sharti la kwanza: hakuna kuendesha ndani ya mto. Sharti la pili: hakuna kupita kati ya mifugo na maji. Wataingia kwa miguu, wakisukuma baiskeli, wazunguke kundi kwa mbali hadi upande wa pili, wakae.

"Polepole," Ekitela ananong'ona. "Kama unaingia kanisani umechelewa."

Wanaanza kusukuma. Na hapo, katika ukimya ule, kila mtu anasikia.

Tikitikitikitiki.

Ni magurudumu. Baiskeli za kisasa zikisukumwa, gurudumu la nyuma hulia tikitiki kama cherehani, na zikiwa sita kwa pamoja ni kiwanda kizima cha cherehani. Njiani hakuna aliyesikia kwa sababu ya changarawe na upepo. Ekitela aling'oa kengele zote, hilo hakulifikiria, kwa sababu gurudumu la blakimamba yake limejaa grisi ya miaka kumi na halisemi neno.

Ngamia mmoja anainua kichwa. Wa pili anainua. Kisha wote. Ngamia kijana aliye pembeni anasimama kwa kishindo, masikio mbele, na kupiga hatua mbili kuelekea kwenye sauti.

Ganya, aliye juu ya hori, anaweka mikono kiunoni. Mama Abiba hasogei. Ekitela anasema baadaye kwamba wakati huo aliona kibanda cha Nakuam kimefungwa na kufuli lake.

"Beba!" anasema kwa sauti ya chini, na kwa kuwa wageni wanamkodolea macho, anaonyesha kwa vitendo. Anaishika ile blakimamba, chuma kizito cha kuvunja mgongo, anaitupa begani. "Beba kama mbuzi mgonjwa! Yote! Beba!"

Mwalimu Kaburu anainua yake. Wengine wanafuata. Tikitiki inakatika. Watu saba wanasimama katikati ya mto mkavu na baiskeli mabegani, wakitokwa jasho, wakiogopa hata kumeza mate.

Yule ngamia kijana anatazama. Anatafuna kidogo. Anatazama tena. Halafu anapoteza hamu, anakunja magoti na kukaa.

Wanaanza kutembea juu ya mchanga unaowazamisha miguu, mmoja nyuma ya mwingine, na kutoka kwenye visima kunasikika kicheko cha kwanza. Ni Mama Abiba. Amejishika mbavu.

"Waria, Ekitela!" anapaza sauti. "Kumbe ni baiskeli ndio inapanda watu!"

Wachungaji wote wanaangua kicheko. Hata Ganya anageuka upande kuficha meno. Wageni wanafika ng'ambo, wanaweka mizigo chini na kujitupa mchangani, lakini Ekitela hawapi nafasi ya kupumzika. Sharti la tatu hakulitaja mapema kwa makusudi, maana anawajua watu wa mjini. Hakuna anayefika kisimani akakaa kutazama. Ukifika, unafanya kazi.

Ganya anaita ngamia wa Mama Abiba. Watu wanashuka kisimani na kujipanga mmoja juu ya mwingine, na ndoo zinaanza kupanda kutoka mkono hadi mkono, pamoja na wimbo. Kaburu anapewa nafasi ya katikati. Ndoo ya kwanza anajimwagia yote. Ya pili anammwagia mwenzake wa chini, anayemwambia maneno ya Kiborana ambayo hakuna aliyekubali kuyatafsiri. Kufikia ya kumi ameshika mwendo, na ndani ya muda mfupi anaitikia wimbo ambao haujui, kwa sauti kubwa kuliko wanaoujua.

Ekitela yuko chini kabisa, maji magotini, akichota.

Hapa panahitaji maelezo kidogo. Baba yake, Lokwang, alikuwa mfugaji upande wa Ngare Mara, na alikuwa na zamu yake kisimani huko. Ekitela anakumbuka akiwa mdogo akisikia jina la baba likiitwa na mbuzi wao wakikimbilia maji. Kisha ukaja ukame, na wizi wa mifugo juu ya ukame. Mifugo ikaisha yote, familia ikahamia Bulla Pesa kwenye chumba cha kupanga, na shule ikamshinda Ekitela kidato cha pili kwa kukosa karo.

"Ukikosa mifugo hakuna mtu anakufukuza kwa kisima," alimwambia mwandishi wetu njiani, msafara ukipumzisha miguu. "Lakini jina yako haiitwi tena. Utapata maji ya kunywa, utapewa, watu ni wazuri. Lakini ni ya kupewa."

Ngamia wanakunywa mpaka matumbo yanalingana na mbavu. Anayetangulia kutoka ni jike mchanga, mweupe, mwenye kengele ya mti shingoni. Kok-kok, kok-kok. Ekitela, akitoka kisimani, anaganda kwa sauti ile, kisha anajicheka. Ni binti yake Adi, na kengele ni ile ile. Kundi zima linamfuata kwenda malishoni bila kuitazama baiskeli hata moja.

"Sasa imepata shingo yake," Mama Abiba anasema. Anamtazama Ekitela aliyelowa chepechepe. "Ile ndama yangu sijasahau."

"Najua, Mama. Hata mimi."

"Haya. Tumbo yako iko wapi? Kunywa." Anampa kibuyu cha maziwa.

Jioni inapokaribia, watu wanaposafisha mahori, Ganya anasimama kutaja zamu itakayofuata, kama afanyavyo kila siku ya kunywesha. Hii si shughuli ya mzaha. Watu wananyamaza na kusikiliza, kwa sababu aliyekosa kusikia hana wa kumlaumu. Ekitela anafunga kamba kwenye keria yake, mgongo ukiwa kwa Ganya, akijiandaa kuwaongoza wageni nyumbani. Bado hajaambiwa chochote kuhusu njia.

Ganya anataja kwa Kiborana, taratibu, kisha kwa ajili ya wageni anarudia kwa Kiswahili.

"Jumanne. Kwanza, ngamia ya Abiba. Halafu ng'ombe ya Gollo. Halafu baiskeli ya Ekitela. Halafu mbuzi, wote."

Kamba inamtoka Ekitela mkononi.

Mtu mmoja anauliza kama baiskeli zinakunywa maji. Ganya anajibu bila kutabasamu kwamba zilingoja, wenyewe walichota, na mwenye kungoja na kuchota ana zamu. Akitaja, imetajwa. Ekitela amegeukia mto, na kwa muda mrefu anajifanya ana mchanga jichoni.

"Wamesema jina," anasema hatimaye, bila kumwambia mtu fulani. "Umesikia? Wamesema jina."

Kaburu anaanza kupanga hapo hapo: wageni kumi mwezi ujao, labda kumi na tano, kila mmoja na glavu za kushikia ndoo. Ekitela ana mipango yake. Anataka vijana wawili wa hapa hapa mtoni wajifunze kuongoza, ili njia isiwe ya mtu wa mjini peke yake. Na mvua zikiwa nzuri, atanunua mbuzi wawili, wawe wanakunywa chini ya jina lile lile.

Kabla hawajaondoka anampigia Nakuam simu kutoka juu ya ukingo, penye mtandao. Anamweleza kwamba njia imefunguliwa na kwamba amepewa zamu Jumanne. Nakuam analia kidogo, kisha anakumbuka kitu.

"Lakini Jumanne hakuna wageni. Wageni ni Jumamosi."

"Najua."

"Sasa utaenda na nani?"

"Nitaenda na blakimamba," Ekitela anasema. "Wataita jina, Nakuam. Siwezi kuitwa nikose kuwa hapo."

Anaweka simu mfukoni, anaibeba baiskeli begani, ingawa gurudumu lake halisemi neno, hadi nyuma ya kichaka cha mathenge, mahali ngamia hawasikii, na hapo ndipo anapoiteremsha na kuipanda.